Kindi na Mkia Wake

Mzazi mmoja katika jumuiya yetu alitujia na shida ndogo iliyomchosha. Mwanawe wa miaka sita alikuwa amekataa katakata kupita bustanini asubuhi aendapo shule. Chanzo chake kilikuwa jibu la haraka. Mtoto alimwuliza mnyama yule wa kijivu arukaye mitini huitwaje kwa Kiswahili, na baba, aliyekuwa akiwahi basi, akamjibu, "Panya." Tangu hapo mtoto aliona bustani nzima imejaa panya wakubwa. Tuliombwa tuandike machache, nasi tunaandika kwa furaha.

Mnyama huyo ni kindi. Wengine humwita kuchakuro. Kwetu si mgeni hata kidogo, kwani wako makindi wenye tumbo jekundu katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Mgeni ni huyu wa kijivu tumwonaye hapa Uingereza. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na mwaka 1876 aliachiliwa huko Cheshire, akaenea hata akamwondoa kindi mwekundu wa asili katika sehemu nyingi za nchi. (Fananisho na wahamiaji wengine tusilivute mbali.)

Amtazamaye asimtazame meno wala makucha, bali mkia. Wayunani wa kale walimpa jina lililounganisha maneno mawili, kivuli na mkia, na jina lake la Kiingereza limetokana na hilo. Walikuwa wamemwangalia vizuri.

Mvua inyeshapo, kindi huuinua mkia na kuulaza juu ya mgongo hadi kichwani, nywele zikatandazika kama mwavuli, naye akaendelea kutafuna chini yake. Siku moja, tukiwa kituoni tukingoja basi katika manyunyu, tuliwaona wawili juu ya ukuta. Mmoja alikuwa na mkia kamili, na mgongo wake ulikuwa karibu mkavu. Mwenziwe alikuwa amebaki na kigutu tu, sijui ni paka au gari. Alikula upesi upesi, manyoya yamemganda mwilini, kisha akaondoka kabla ya kumaliza. Hatukuhitaji maelezo mengine juu ya faida ya mkia.

Wengi tumesikia kwamba kindi hulala usingizi miezi yote ya baridi. Kindi wa kijivu hafanyi hivyo. Hutoka hata theluji ikiwa chini, akazifukua njugu alizozika tangu majira ya majani kupukutika. Arudipo kiotani, tufe la vijiti na majani lililotandikwa nyasi kavu, hujikunja na kujifunika mkia kama blanketi. Ndani ya mkia imo mishipa ya damu inayobana wakati wa baridi, joto likabaki mwilini. Na wakati wa joto hufunguka, damu ya moto ikapita mkiani ipate kupoa. Chombo hicho kimoja, basi, huhifadhi joto na hulitoa.

Upepo ukivuma, mkia humsaidia kushika mizani juu ya tawi, akiupeleka huku na huku kama mtu apitaye juu ya gogo na mikono imenyoshwa.

Lakini stadi wa jua hayuko Ulaya. Katika Kalahari, kusini mwa Afrika, yuko kindi wa ardhini akaaye mashimoni. Mchana wa joto kali hulipa jua mgongo, akauinua mkia juu ya kichwa na kula katika kivuli chake mwenyewe. Wataalamu waliompima, na kutoa matokeo yao mwaka 1984, waliona kuwa kivuli hicho chaweza kumpunguzia joto kwa zaidi ya nyuzi 5 za Sentigredi. Kwa hiyo huweza kula nje kwa muda mrefu zaidi kabla ya kulazimika kuingia shimoni kupoa.

Tulikusudia kuchapa picha, lakini katika fotokopi kindi wa kijivu hutoka kama doa la wino, na hapo angefanana na panya kweli.

Mzazi wetu ametuarifu kuwa mtoto sasa hupita bustanini bila machozi. Shida iliyobaki ni kwamba kila mvua inyeshapo hutaka kusimama ahesabu miavuli, na shuleni wanafika wamechelewa.