Shukrani kwa Watumishi wa Skuli
II. Jikoni na Langoni

Katika makala iliyotangulia tulimzungumzia mwalimu, ambaye, pamoja na malalamiko yake ambayo mengi ni ya haki, hata hivyo amekwisha kupewa siku yake: tangu mwaka 1994 tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, kwa ukumbusho wa mapendekezo juu ya hadhi ya mwalimu yaliyopitishwa mwaka 1966 na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani. Leo tunawageukia wasio na tarehe maarufu kama hiyo, yaani wapishi, mabawabu, matroni, wafagiaji na makarani wa skuli zetu za Kenya, na hasa hizi za bweni za upande wa pwani.

Aliyepata kulala bweni anajua kwamba siku ya skuli haianzi kwa kengele. Huanza saa tisa za usiku, mpishi anapochochea kuni chini ya sufuria lililojengewa matofali, ili chai iwawahi wanafunzi kabla hawajaingia madarasani. Na ikiwa chakula cha mchana ni pure, basi kazi yake ilikwisha kuanza tangu jana magharibi, kwani mahindi makavu na maharagwe hayana haraka na mtu: yataka yachaguliwe vijiwe, yaoshwe, yarowekwe usiku kucha, kisha yatokote kwa saa nyingi. Mpishi aliyebobea hatazami saa. Huteka punje chache kwa upawa, akaiminya moja baina ya kidole gumba na cha shahada, na akiona ingali na ugumu katikati huongeza maji, tena ya moto, maana wapishi husema kwamba ukiyatia ya baridi maharagwe hugoma na kuni zikaenda bure. Jioni huja ugali wa watu mia kadhaa, unaosongwa kwa mwiko mrefu kama kasia, ndani ya mvuke na moshi, na anayeusonga aghalabu ni mama aliyekwisha kupita umri wa kazi za mabega. Mwanafunzi anayenung'unika kwamba pure haina mafuta (na mara nyingi ni kweli haina) hulalamikia bajeti, ila maneno makali humwangukia mpishi, asiyekuwa na ufunguo wa ghala wala kauli katika manunuzi.

Bawabu naye, ambaye watoto humwita askari au Mzee, hudhaniwa kuwa kazi yake ni kufungua na kufunga lango. Lakini humo kichwani mwake mna daftari ambalo hakuna ofisi iliyoliandika: anajua mtoto yupi huja kuchukuliwa na mjomba, yupi baba yake na mama yake wameachana na jamaa za pande zote mbili zinamgombania, na yupi hubakia langoni hadi giza liingie kwa sababu nauli ya matatu haijapatikana. Mgeni akija na kusema, "Nimetumwa nimchukue fulani," mzee huyo ndiye wa kwanza kuuliza, "Umetumwa na nani, mwanangu, na nyumbani kwao ni wapi?" Swali hilo moja lina thamani kubwa zaidi ya usalama kuliko ukuta mzima wa mawe, wala silitii chumvi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watoa shukrani wengi hulikwepa, nalo ni ujira. Mwalimu wa serikali huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, iliyoundwa mwaka 1967, na mshahara wake hutoka hazina. Ama mpishi na bawabu wa skuli hiyo hiyo huajiriwa na Bodi ya Usimamizi, ambayo ilirithi mahali pa bodi za zamani kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na hulipwa kwa kile kinachopatikana katika ada na ruzuku. Mwaka 2003 skuli za msingi zilipofanywa za bure, ruzuku iliyopangwa ilikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, na baadaye ikapandishwa hadi 1,420. Kwa sekondari, kuanzia mwaka 2018, iliwekwa shilingi 22,244, na katika hesabu hizo limo fungu la mishahara ya watumishi hawa. Fedha hizo hugawiwa kwa mafungu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, na 20 wa tatu, nazo zikichelewa, kama zinavyochelewa mara kwa mara, mwalimu mkuu hujikuta baina ya mwenye duka la unga anayetishia kusita kuleta mzigo na mpishi ambaye hatishii chochote. Si ajabu basi kwamba anayengojea ni mpishi.

Mwaka 2020 tafauti hiyo baina ya mwalimu na mpishi ilidhihirika kwa kila mwenye macho. Skuli zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya maradhi ya korona, baadhi ya madarasa yakarejea tarehe 12 Oktoba, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Muda wote huo walimu wa Tume waliendelea kupata mishahara yao, ilhali watumishi wengi wa bodi, ada zilipokatika, walirejea makwao mikono mitupu.

Liko na suala la barua ya kazi. Wapo wapishi waliokaa jikoni miaka kumi na zaidi wakiitwa vibarua, na hali Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtumishi wa mshahara wa mwezi, na akitimiza miezi miwili au zaidi hustahiki masharti ambayo sheria imempa mwajiriwa. Wengi hawajaambiwa, na wenye kujua hawana shime ya kuwaambia.

Nimehudhuria sherehe za kutoa zawadi katika skuli kadhaa, na dasturi yao ni moja: mwalimu wa hisabati huitwa mbele akapewa bahasha kwa alama za mtihani, wageni hupiga makofi, hotuba hurefuka, kisha mshereheshaji hukumbuka kusema, "Tusiwasahau wapishi wetu," watu wakacheka kwa furaha, na wapishi wenyewe hawasikii, kwa kuwa wakati huo wako nyuma wanapakua pilau ya wageni, nao watakula mwisho, kitakachosalia. Siidharau kanga anayopewa mpishi siku ya kufunga mwaka, wala kilo mbili za sukari. Ni jamala, na jamala ni ada yetu njema. Lakini kanga juu ya mshahara wa miezi mitatu usiolipwa ni kumpa mtu sehemu ya mali yake mwenyewe na kumtaka ashukuru.

Yapo mambo ambayo bodi yoyote yaweza kuyafanya bila kungojea Nairobi. Mathalan, kumwandikia kila mtumishi barua yake. Kupeleka kwa wakati makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, maana kukata na kutopeleka ni dhulma iliyovaa nguo ya utaratibu. Kuwaita wapishi kwenye kikao kinachopanga chakula cha muhula. Na kuifanya sherehe ya zawadi siku ambayo chakula kimeagizwa nje, ili wakae vitini pamoja na waume na wake na watoto wao, jina la kila mmoja lisomwe kwa ukamilifu, jina lake na la babaye, si "Mama Jikoni". Wazazi nao wana sehemu yao: ada inayocheleweshwa na mwenye uwezo wa kuilipa haimuumizi mwalimu mkuu, bali humfikia yule aliyeamka saa tisa.

Juma lijalo, inshallah, tutaingia ofisini kwa karani wa hesabu, ambako ndiko linakokatwa shauri nani alipwe kwanza, na tutalifungua daftari la malipo safu kwa safu.