Vizazi vya Pokémon: Tazama Kanuni, Usihesabu Viumbe

Mashabiki wa michezo ya video ya Pokémon wakibishana ni kizazi kipi bora, mara nyingi kila mmoja huwa anautetea utoto wake. Aliyekulia kwenye kaseti ya Red atakuapia kwamba viumbe 151 walitosha. Mdogo wake atacheka. Kipimo changu ni kingine: kanuni za pigano zilibadilika lini, na zilimwokoa nani?

Red na Green zilitoka Japani Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy, kazi ya kampuni ya Game Freak iliyoanzishwa na Satoshi Tajiri. Kubadilishana viumbe kwa waya kati ya mashine mbili kulikuwa ubunifu mkubwa. Mizani ya pigano, hata hivyo, ilikuwa mbovu. Namba moja ya nguvu maalumu ilipima mambo mawili: ukali wa mapigo kama ya moto, umeme au akili, na uwezo wa kuyastahimili. Alakazam alikuwa na 135, basi akapiga vikali na kujikinga vikali kwa namba hiyohiyo. Aina yake, ya nguvu za akili, ilikusudiwa kuihofia mizimu, lakini kosa la kiprogramu likafanya pigo la mzimu lisimguse kabisa. Tena mizimu wote wa wakati ule walikuwa pia wa aina ya sumu, ambayo mbele ya nguvu za akili huumia maradufu. Ungepigana vipi?

Gold na Silver za 1999 zilileta tiba. Namba ile iligawanywa mbili, ya kushambulia na ya kujikinga, zikaongezwa aina za giza na chuma. Wengi huzisifu kwa saa ya usiku na mchana na mayai ya kuangua. Sawa, lakini fundo moja lilibaki: aina ya pigo ndiyo iliyoamua kama pigo ni la mwili au la nguvu maalumu. Mwangalie Sneasel, mwenye makucha, wa giza na barafu. Shambulio lake la mwili lilikuwa 95, lile maalumu 35 tu. Mapigo yote ya giza na ya barafu yalihesabiwa kuwa maalumu. Makucha yakawa pambo.

Ruby na Sapphire (2002) zikaleta vipaji, tabia na mapigano ya wawili kwa wawili, zikaliacha fundo hilo palepale. Isitoshe, zilikata daraja: kiumbe uliyemlea kwenye Gold hakuweza kuhamia huko.

Fundo lilifunguliwa mwaka 2006, kwenye Diamond na Pearl za Nintendo DS. Kuanzia hapo kila pigo liliamuliwa lenyewe: ngumi ya barafu ni ya mwili, mwale wa barafu ni maalumu. Sneasel akapewa hata umbo jipya, Weavile, mwenye shambulio la 120. Kwangu hakuna kizazi kilichobadilisha mengi zaidi, ingawa kwenye skrini usingeona kitu.

Vilivyofuata ni vya kutazamwa zaidi. Black na White (2010) zilileta viumbe wapya 156, wengi kuliko kizazi kingine chochote, na kuwaficha wa zamani hadi hadithi kuu iishe; wengine walinung'unika, mimi nauona ujasiri. X na Y (2013) zikaja na picha za pande tatu na aina ya vichimbakazi, ambayo mapigo ya joka hayaidhuru. Sword na Shield (2019) ziliwaacha nje baadhi ya viumbe wa zamani, na ugomvi wake haujapoa. Scarlet na Violet (2022) zimefungua ulimwengu mzima wa kuzurura, japo zilitoka na picha zinazokwamakwama.

Humo, mara moja katika kila pigano, mchezaji anaweza kumbadilisha kiumbe wake aina. Kuna pia pigo linaloitwa Tera Blast: kiumbe akishabadilika, lenyewe hulinganisha shambulio lake la mwili na lile maalumu, kisha hutumia lililo kubwa.