Mtoto na sala: Ni nani amfundishaye mwenzake?

Wazazi wengi Wakristo hudhani kuwa kumfundisha mtoto mdogo kusali ni kazi nyepesi. Unamketisha, unamwambia afumbe macho, unamtajia maneno naye anayafuatisha, basi yamekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo, tena nikiwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye riziki yake ilikuwa ni kufundisha watoto. Ilibidi nisahihishwe na mtoto wa miaka sita ndipo nikaelewa kwamba sala haifundishwi kama hesabu ya kujumlisha.

Nilizaliwa mwaka 1953 katika milima ya Taita, nyumba ambayo mama alikuwa mwanakanisa wa Kianglikana asiyekosa ibada. Dini ilikuwa imefika kwetu zamani. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Rebmann wakaweka kituo chao Rabai. Kutoka pwani neno likapanda hadi kwetu milimani: wamishonari wa Kianglikana wakaja Sagalla, na mapadre wa Kikatoliki wakaja Bura mwaka 1892. Mama alikuwa na ile Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyounganisha tafsiri ya Mombasa na ile ya Unguja. Aliifunga kwa kitambaa cheupe na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa kabla ya kunawa mikono.

Kila jioni, baada ya kula kimanga au ugali, mama alipunguza utambi wa kibatari ili mafuta yasiishe, akatukusanya juu ya mkeka. Tulisema Baba Yetu kwa pamoja, kwa haraka kama watu wanaokimbia mvua. Maneno tuliyajua yote, lakini maana ilikuwa jambo jingine. Mimi kwa miaka mingi niliamini kuwa "majaribu" ni mnyama mkali anayekaa katika msitu wa Ngangao, kwa maana kila usiku tulimwomba Mungu asitutie humo. Nilipotumwa kuni jioni nilisali sana, na nilisali kwa moyo wote. Nikikumbuka sasa, nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu ya kwanza ya kweli.

Babu na maji ya mdomoni

Lakini nyumbani kwetu palikuwa na mtu mwingine aliyesali, naye hakuwa amebatizwa. Huyo alikuwa babu, mzaa baba. Pakiwa na ugonjwa katika ukoo, au mtoto akisafiri, au ndugu wakipatana baada ya ugomvi, babu alifanya yale ambayo Wataita waliyaita kutasa. Alichukua maji au pombe ya miwa katika kibuyu, akatia funda mdomoni, akayapuliza nje kama manyunyu, kisha akasema maneno yake. Hakuwa na kitabu wala hakukariri. Alitaja shida ilivyokuwa, akaomba amani na afya kwa waliokuwapo.

Jambo kubwa katika kutasa lilikuwa ni kuitoa hasira. Wazee wetu waliamini kuwa hasira iliyofichwa moyoni mwa mzazi au ndugu haikai kimya. Huweza kumdhuru mtoto asiye na kosa lolote. Kwa hiyo mtu mwenye kinyongo alitakiwa kwanza akitaje, akitoe pamoja na yale maji, ndipo aombe baraka. Mtaalamu mmoja wa mila, Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, nacho kilichapishwa mwaka 1978.

Mama hakupenda tumtazame babu akifanya hivyo. Alituita ndani. Sisi tulichungulia tu, na maji yale yalipopulizwa tulicheka. Sikujua kwamba ningeyakumbuka nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu.

Mwalimu nyumbani

Mnamo miaka ya 1980 nilikuwa nikifundisha Voi, nami nikaanza kuwafundisha watoto wangu kusali. Nilifanya kama darasani. Nilisimama, nao wakasimama. Aliyekosea neno alirudia tangu mwanzo. Aliyesinzia alisimama peke yake mpaka amalize. Nilijivuna wageni walipokuja, kwani nilimwita binti yangu mkubwa asali mbele yao kama mtu anayeonyesha redio mpya.

Siku moja binti huyo aliniuliza, "Baba, kwa nini kila tukimaliza kusali tunamwita Amina?" Jirani yetu wa mlango wa pili, mama Mwislamu aliyeuza mahamri, aliitwa Amina. Mtoto alikuwa amefikiri kuwa kila usiku tunamwita jirani, naye haji! Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilicheka kidogo tu, maana niliona aibu. Mwaka mzima nilikuwa nimekagua matamshi, sikuuliza hata siku moja mtoto ameelewa nini.

Mke wangu alikuwa na njia yake. Aliketi kitandani pao akawauliza, "Leo nini kimewafurahisha? Nani amewaudhi? Nani mgonjwa?" Walipojibu, aliwaambia, "Basi mwambieni Mungu hivyo hivyo." Na watoto walimwambia. Walimshukuru kwa paka aliyezaa. Walimwomba mvua isinyeshe siku ya michezo. Kila mtoto alisema sentensi mbili au tatu, wakalala. Nilimwambia mke wangu kuwa huo ni mchezo. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, wewe unawafundisha kusema sala. Mimi ninataka wajue wanasema na nani."

Jina lililorukwa

Mwaka 1986 baba yetu alikuwa amekwisha fariki, na mimi na kaka yangu tukagombania mpaka wa shamba lake. Lilikuwa shamba dogo la mteremkoni, na mpaka wenyewe haukuzidi hatua nne. Lakini wanaojua milima yetu wanajua hatua nne za ardhi zinaweza kufanya nini. Tulisemana maneno mabaya mbele ya wazee. Tangu siku hiyo sikumtembelea wala kumtaja nyumbani kwangu.

Desturi yetu ilikuwa kuwaombea jamaa wote kwa majina: bibi, shangazi, wajomba na watoto wao. Mimi ndiye niliyetaja, watoto wakafuatisha. Baada ya ugomvi niliendelea kutaja majina yale yale, ila moja. Sikumtangazia mtu yeyote. Nilidhani hakuna atakayetambua.

Usiku mmoja, nilipofika mwisho, binti yangu alifumbua macho akasema, "Baba, umemruka baba mkubwa." Nikamwambia afumbe macho. Akasema tena, "Jana pia ulimruka. Yeye hana haja ya kuombewa?" Nilimkemea, nikamwambia mtoto hasemi wakati wa sala. Akanyamaza.

Usiku uliofuata hakusali. Nilipotaja maneno hakufuatisha, wala hakulia, alikaa tu. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu nilikwisha inua sauti yangu ya darasani, mke wangu akanigusa mkono tukatoka nje. Akaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Mtoto huyu hajakataa kusali. Amekataa kusali na wewe."

Sikulala usiku huo. Niliwaza juu ya Baba Yetu, ambayo niliijua tangu nikiwa mdogo kuliko binti yangu, na ile sehemu inayohusu kusameheana. Niliyatamka maneno hayo kila siku mbele ya watoto huku nikiwa na kinyongo kifuani. Ndipo nikamkumbuka babu na kibuyu chake. Yule mzee asiyebatizwa asingethubutu kuomba baraka juu ya watoto kabla ya kuitoa hasira yake. Mimi mwanakanisa nilithubutu kila jioni.

Jumamosi nilipanda matatu, nikapita Mwatate hadi Wundanyi, nikatembea mpaka kwa kaka. Nilimkuta uani akinoa jembe. Hakuniambia karibu mara moja. Nilimweleza kisa cha mtoto kama kilivyokuwa, bila kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno ya mpaka bado yapo." Nikasema, "Yapo, kaka. Lakini hasira sina tena." Shemeji alituletea maji ya kunywa. Kaka akatia funda mdomoni, akatazama upande, akayapuliza nje ya kibaraza. Akacheka, akasema, "Mzee angekuwapo angesema nimekosea." Sijui mpaka leo kama alitania au la, naye alikuwa mzee wa kanisa.

Msomaji asidhani kuwa mambo yalimalizika siku hiyo. Mpaka ulituchukua miaka miwili zaidi na vikao vingi. Lakini jioni ya Jumapili nilimtaja baba mkubwa wa kwanza kabisa. Binti yangu alifuatisha kwa sauti kubwa, na alipofika kwenye "Amina" nilijua kwamba safari hii hamwiti jirani.

Wazazi wafanye nini?

Tangu hapo vijana wengi waliofunga ndoa wameniuliza namna ya kuwafundisha watoto sala. Mimi si kasisi. Nasema tu yale niliyojifunza kwa kukosea.

Kwanza, mtoto aone kabla ya kuambiwa. Injili ya Luka inatueleza kuwa wanafunzi walimwomba Yesu awafundishe kusali baada ya kumwona yeye mwenyewe akisali. Mtoto asiyemwona baba yake akisali ila siku ya wageni hujifunza kuwa sala ni ya wageni.

Pili, sala ya mtoto iwe fupi, na iwe katika lugha anayoiota. Kukariri si kubaya, kwani maneno ya kukariri humsaidia mtu siku ambayo hana maneno yake mwenyewe. Lakini ayaeleze kwa maneno yake, ili tujue kama bado "majaribu" anakaa msituni.

Tatu, sala isiwe adhabu. Mtoto aliyepigishwa magoti kwa kuvunja kikombe atachukia kupiga magoti.

Nne, tusimdanganye. Mwanangu wa pili alimwombea bibi yake apone, na bibi akafariki. Aliniuliza kama Mungu hakusikia. Nilitamani kumjibu upesi, lakini nikamwambia kuwa mimi pia niliomba hivyo, na mimi pia ninalia. Tukalia pamoja, kisha tukamshukuru Mungu kwa miaka ya bibi. Nadhani hilo lilimfaa kuliko mahubiri.

Siku hizi mambo yamebadilika. Wajukuu wangu wa Nairobi husali kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili, na simu hulia katikati ya sala. Wengi wetu tumeiachia shule ya Jumapili kazi hii yote. Lakini mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga makanisa tulikumbushwa. Hata milango ilipofunguliwa tena mwezi wa Julai, watoto walio chini ya miaka 13 na wazee waliopita miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Mimi na mjukuu wangu wa miaka mitano, ambaye alikuwa kwetu Voi wakati huo, tukawa hatuna ruhusa sote wawili. Basi kila Jumapili wengine walipokwenda ibadani, sisi tuliketi kibarazani tukawa kanisa la watu wawili.

Mama yake ni yule binti aliyenisahihisha mwaka 1986. Jumapili moja nilimwambia mjukuu ataje majina ya jamaa tunaowaombea. Akataja wote, hata mbwa. Kisha akaninong'oneza, "Babu, kuna mtu nimemruka?"

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini anayemkunja naye aangalie mikono yake mwenyewe, isije ikawa imekunjwa ngumi.