Shukrani Zilizomo Katika Majina ya Viumbe

Wanafunzi wengi hudhani kwamba majina ya kisayansi ya wanyama na mimea ni maneno ya Kilatini yaliyobuniwa ili kuwatesa wakati wa mitihani. Lakini mengi ya majina hayo, yakichunguzwa, huonekana kuwa ni shukrani. Mtaalamu aligundua kiumbe kipya, akawakumbuka watu waliomwezesha kufanya kazi yake, akatwaa jina la mmoja wao na kumpa kiumbe yule.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kila kiumbe ana majina mawili: la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi. Jina la spishi likitokana na la mwanamume mmoja, kwa kawaida huongezwa herufi *i* mwishoni. Likitokana na la mwanamke huongezwa *ae*. Na likiwa la watu kadhaa, *orum*. Basi mtu aitwaye Sattler huzaa neno *sattleri*. Mwalimu aweza kuandika ubaoni majina matano au sita ya namna hii na kuwauliza wanafunzi wake: ni nani anayeshukuriwa hapa, na kwa jambo gani?

Swali hilo lina uzito wa pekee tunapofika Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi, yapata kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona hapo mfupa mkubwa mno uliogeuka jiwe. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Jumba la Makumbusho la Berlin lilipeleka huko msafara wa kuchimba, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Visukuku vilivyopatikana ni vya dinosau walioishi kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita.

Ni vyema msomaji aelewe jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, navyo viliiacha nchi ya kusini katika njaa kubwa. Watu wa nchi hiyo hiyo ndio walioshika majembe na sururu. Kazi ilipopamba moto, wachimbaji walizidi 400. Mfupa uliokaa ardhini muda mrefu kiasi hicho hujaa nyufa, na ukinyanyuliwa bila uangalifu huvunjika vipande vipande. Hivyo ilibidi kuuondolea udongo pole pole, kuufungia mianzi, kisha kuubeba kichwani au mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwa njia hiyo. Gari halikuwapo. Reli nayo haikuwapo.

Sasa tutazame shukrani zilivyogawanywa. Dinosau mrefu kuliko wote, ambaye kiunzi chake kimesimama Berlin tangu mwaka 1937 kikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, aliitwa *brancai*, kwa heshima ya Branca, mkurugenzi wa jumba lile. Mwingine aliitwa *hansemanni*, kwa heshima ya daktari aliyesaidia kukusanya fedha za msafara. Sattler naye alipata *sattleri*. Hayo yote yanaeleweka, maana mchango wao ulikuwa wa kweli. Lakini mwaka 1919 dinosau mdogo mla majani alipewa jina *Dysalotosaurus lettowvorbecki*, la jemadari aliyeongoza majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, katika vita ambavyo wapagazi na wanavijiji wa nchi hii walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Jemadari huyo hakuchimba hata mfupa mmoja wa Tendaguru. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ni shukrani iliyokosea njia.

Je, jina kama hilo laweza kufutwa? Haliwezi kwa sababu ya kuchukiza peke yake. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina hushikilia kwamba jina la kwanza lililochapishwa ipasavyo ndilo litumikalo, kwa sababu kila mtu akibadilisha jina asilolipenda, wataalamu wa nchi mbalimbali hawataelewana tena. Njia iliyobaki ni kutoa majina mapya pale utafiti unapoonyesha kwamba kuna kiumbe mpya.

Njia hiyo imeshatumika mara kadhaa. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kufanya kazi na akina Leakey huko Olduvai, aligundua mwaka 1964 taya la Peninj karibu na Ziwa Natron. Taya hilo ni la spishi iitwayo *boisei*, kwa heshima ya Charles Boise, tajiri aliyegharamia utafiti wa akina Leakey. Mgunduzi alisubiri hadi mwaka 1982, alipopewa *kimeui*, spishi ya jamaa wa mbega aliyekwisha kutoweka. Na mwaka 1995 likaja jina la jenasi nzima, *Kamoyapithecus*.

Kwa Tendaguru kusubiri kulikuwa kurefu zaidi. Mnamo mwaka 2007 pingili mbili za shingo zilizokuwa zimehifadhiwa Berlin zilichunguzwa upya, zikaonekana kuwa za dinosau asiyejulikana. Aliitwa *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji na fundi mkuu wa kusafisha mifupa katika msafara ule. Herufi *i* mbili za mwishoni si kosa la chapa: ya kwanza ni ya Boheti mwenyewe, ya pili ni ya Kilatini.

Mwaka 2019 ikafuata zamu ya mkia mmoja mrefu. Mkia huo ulikuwa umewekwa katika jenasi *Janenschia*, iliyopewa jina la Janensch; watafiti walipoulinganisha na mingine waliona kwamba si wa mnyama huyo hata kidogo. Wakamwita mwenye mkia *Wamweracaudia keranjei*. Neno *keranjei* latokana na Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mkia ule. Neno *cauda* kwa Kilatini ni mkia, na Wamwera ni wenyeji wa nchi ile. Kwa hiyo jina la jenasi halimshukuru mtu mmoja, bali wale waliobeba mizigo kwenda Lindi, ambao hakuna mtungaji wa majina aliyewahi kuwataja mmoja mmoja.