Meno Kwenye Shela

Msomaji mmoja wa Tanga anauliza kwa nini harusi ya dada yake, iliyopigwa video mwaka 2007 na kukabidhiwa kwenye DVD mbili, inatazamika vizuri kwenye televisheni ya chogo nyumbani kwa mama, lakini ikifika kwenye simu inaota meno. Bibi harusi akisimama, picha ni safi. Akigeuka tu, ukingo wa shela unachanika kuwa vistari vya mlalo vilivyopishana. Fundi aliyemhamishia DVD hizo alimshauri aongeze ukubwa wa faili. Faili likawa kubwa mara mbili, na meno yakabaki vilevile.

Ushauri huo hutolewa kila mahali, na kwa tatizo hili haufai kitu. Wanaohamisha DVD hubishana kuhusu programu ipi, MB ngapi, kodeki ya mwaka gani, wakaliruka swali linaloamua kama video itatazamika.

Programu kwanza, maana hapo hakuna mengi. HandBrake, iliyoanzishwa na Eric Petit mwaka 2003, ni ya bure, inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na inafungua folda ya VIDEO_TS ya DVD moja kwa moja. Anayependa kuandika amri atatumia FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. VLC nayo inaweza kubadilisha video, ila haimpi mtumiaji nafasi kubwa ya kurekebisha. Meno lakini hayakuletwa na programu yoyote. Yamo ndani ya DVD yenyewe, na asili yake ni uamuzi uliofanywa Uingereza kabla ya Vita Vikuu vya Pili.

Tarehe 2 Novemba 1936, BBC ilipoanza kurusha televisheni kutoka Alexandra Palace, London, wahandisi wa Marconi-EMI walikuwa wamekwisha kupambana na tatizo la macho. Picha 25 kwa sekunde zinatosha kuonyesha mwendo, lakini kwenye kioo cha wakati ule zilipepesa hadi kuchosha. Picha 50 zingeondoa kupepesa, ila zingedai upana wa masafa mara mbili. Basi wakaigawa kila picha: kwanza mistari ya witiri, 1, 3, 5 na kuendelea, kisha, baada ya sehemu ya 50 ya sekunde, mistari ya shufwa, 2, 4, 6. Jicho likapata mimweko 50 kwa gharama ya picha 25.

Mpango huo ukadumu. PAL, mfumo uliotumiwa Tanzania, Kenya na Uganda, una mistari 625, na 576 kati yake ndiyo yenye picha. DVD ilipotoka Japani mwaka 1996 ilirithi yote hayo: fremu ya pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kila moja ikiruhusiwa kubeba mafungu mawili ya mistari.

Mafungu hayo yanahitaji jina. Wapo wanaosema uga, lakini uga tayari una kazi kwenye fizikia. Makala haya yanasema nusupicha, kwa kuwa ni nusu kwa idadi ya mistari, ilhali kwa wakati wake ni picha kamili. Kuunganisha nusupicha mbili ni kufuma, na neno hilo linakaa vizuri. Kufumua ndiko kunakosumbua: nguo iliyofumuliwa hubaki nyuzi, ilhali hapa kila nusupicha ikishatengwa lazima ijaziwe mistari inayoikosa. Kazi nzima ni kufumua na kuziba, na utamu wote uko kwenye kuziba.

Chukua wachoraji wawili waliokaa nyuma ya dirisha la luva, mtaa ukipita nje. Luva zimepangwa hivi kwamba wa kwanza anaona kupitia nafasi za witiri tu, na wa pili kupitia za shufwa tu. Wa kwanza anafumbua macho mara moja, anachora alichokiona, anafumba. Punde anafumbua wa pili, naye anachora, anafumba. Kisha karatasi zao zinaunganishwa kuwa mchoro mmoja. Ukuta wa jirani umeungana sawasawa, mlango umeungana, mwembe umeungana hadi jani la mwisho. Lakini mwendesha baiskeli alikuwa akipita, na kati ya mtazamo wa kwanza na wa pili amesogea. Kwenye mistari ya witiri gurudumu liko hapa. Kwenye ya shufwa liko mbele kidogo. Hakuna mchoraji aliyekosea. Kila mmoja ameeleza kweli ya wakati wake. Kosa ni la aliyeunganisha karatasi mbili na kudai kwamba zinaonyesha wakati mmoja.

Urefu wa meno unaweza kukokotolewa. Mkono wa mcheza ngoma ukivuka skrini nzima, pikseli 720, kwa sekunde 2, unakwenda pikseli 360 kwa sekunde. Katika sehemu ya 50 ya sekunde unasogea pikseli 7 na ushei. Basi kila mstari wa pili umesukumwa pembeni pikseli 7, na hilo ndilo jino.

Televisheni ya chogo haikuwahi kuunganisha karatasi hizo. Ilichora mistari ya witiri, kisha ya shufwa, kwa mpangilio na mwendo uleule wa kamera, na ya kwanza ilikuwa imekwisha kufifia ya pili ilipowaka. Kioo cha simu huwasha mistari yote kwa pamoja.

Ndiyo maana ukubwa wa faili hausaidii. Kwa kodeki, jino ni sehemu halali ya picha, ndogo na kali, inayostahili kuhifadhiwa. Ikiongezewa nafasi, inayahifadhi meno vizuri zaidi. Ikinyimwa, inatumia kile kidogo ilicho nacho kwa ajili ya meno na kuupunja uso wa bibi harusi. Mbaya zaidi, video ikipunguzwa kimo kabla ya kufumuliwa, kwa mfano kutoka mistari 576 hadi 360, witiri na shufwa huchanganyika, na hakuna programu itakayozitenganisha tena vizuri.

Zipo njia za haraka za kuziba. Moja ni kutupa karatasi ya mchoraji wa pili, na kubaki na mistari 288 iliyovutwa ijaze skrini. Nyingine ni kuchanganya karatasi zote mbili kwa wastani, na mwendesha baiskeli akawa vivuli viwili. Kichujio cha yadif, kilichoandikwa na Michael Niedermayer wa FFmpeg, hufanya uchunguzi badala yake. Kwa kila pikseli inayokosekana kwenye karatasi ya mchoraji wa kwanza, kinamuuliza wa pili mara mbili: ulichora nini pale kabla, na ulichora nini baadaye? Majibu yakilingana, hakuna kilichopita, pale ni ukutani, na jibu linachukuliwa. Yakitofautiana, kitu kimepita na ushahidi wa mwenzake hauaminiki tena. Hapo kichujio kinarudi kwenye karatasi yenyewe, kinatazama mstari wa juu na wa chini, si wima tu bali hata kwa mshazari, kikitafuta ukingo unaoendelea ili gurudumu libaki duara. Matokeo yake, penye utulivu picha inabaki na mistari yote 576. Penye mwendo inakisiwa, na penye mwendo ndipo jicho lisipopata muda wa kukagua. Bwdif ni nduguye, aliyezaliwa kwa kuunganisha yadif na mbinu iliyobuniwa na idara ya utafiti ya BBC.

Kila nusupicha ikishazibwa inakuwa fremu kamili. Kwa hiyo DVD ya fremu 25 inatoa fremu 50 kwa sekunde, zote za kweli kwa wakati wake. Hapa HandBrake inahitaji kuguswa. Mipangilio yake ya awali huwasha Decomb, inayosafisha fremu zenye meno na kubaki na 25. Meno yanatoka, lakini nusu ya mwendo inatupwa. Kwenye ukurasa wa Filters, Deinterlace iwekwe Bwdif, au Yadif kwa matoleo ya zamani, chaguo lake liwe Bob, na Interlace Detection izimwe. Kwenye ukurasa wa Video, Framerate iwe 50. Kwa FFmpeg, -vf bwdif inatosha. Mwendo ukirukaruka mbele na nyuma, mpangilio wa nusupicha umegeuzwa: kamera za DV huanza na ya chini, DVD nyingi huanza na ya juu, na setfield=bff ikitangulia bwdif hulimaliza tatizo.

Sinema za kamera ya filamu ni habari nyingine. Hupigwa fremu 24 na kuharakishwa hadi 25 kwa DVD za PAL, nusupicha zote mbili zikitoka wakati mmoja, hivyo Deinterlace izimwe. Filamu nyingi za Bongo zilizouzwa kwa DVD zilipigwa kwa kamera za video. Tukio lenye mbio litaonyesha kama zina meno.

Yaliyobaki ni mepesi. Kodeki iwe H.264 ya mwaka 2003, inayofunguka karibu kwenye kila simu. H.265 ya 2013 na AV1 ya 2018 hubana zaidi, lakini kwa picha ya mistari 576 faida hiyo hailipi usumbufu wa simu za zamani. Ukubwa wa faili usipangwe kabisa. Ichaguliwe Constant Quality, RF 20, ili hotuba za wazee zipewe biti chache na ngoma zipewe nyingi. Mwongozo wa HandBrake unapendekeza kati ya 18 na 22 kwa DVD, na namba ndogo ndiyo ubora mkubwa. Encoder Preset iwe Slow, sauti AAC ya kilobiti 160, Anamorphic ibaki Automatic, maana pikseli za DVD si za mraba na watu hukonda au hunenepa zikidhaniwa ni za mraba. DVD ya GB 4.7 mara nyingi hutoka chini ya nusu ya ukubwa huo. DVD za dukani zenye kufuli hazitafunguka kwa HandBrake peke yake. Za harusi kwa kawaida hazina.

Kwenye WhatsApp faili litumwe kama hati, ambayo inaweza kufika GB 2. Likitumwa kama video ya kawaida litabanwa upya.

Folda ya VIDEO_TS isifutwe baada ya MP4 kupatikana. DVD ya kuchoma ya mwaka 2007 hushikilia data kwenye tabaka la rangi linalochakaa, na kichujio bora kuliko bwdif kitahitaji nusupicha halisi, ambazo MP4 haina tena. Diski ya nje ya terabaiti 1 inabeba zaidi ya DVD 200 za GB 4.7 bila kubana chochote.