Sala ya Mama Haifungi Mikono

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Neno hilo kila mama anayeishi kambini hulifahamu bila kufundishwa. Mumewe aweza kuitwa usiku akaondoka kabla ya mapambazuko, akaenda kulinda mpaka, au kutuliza ghasia katika mji wa mbali, au kutumikia Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kupelekwa mwezi Machi, 2007. Nyuma hubaki mama na watoto katika chumba kimoja au viwili, pamoja na deni la dukani, homa ya mdogo na maswali ya wakubwa wanaotaka kujua baba atarudi lini.

Katika hali kama hiyo akina mama wengi wa Kikristo hukimbilia sala. Wapo watu wanaoidharau sala hiyo, wakidhani kuwa ni faraja ya wanyonge. Wapo na wengine, ambao kosa lao ni la hatari zaidi, wanaoitumia mahali pa dawa, pa mkunga na pa jirani. Lakini tukiwatazama akina mama waliosifika kwa sala tangu zamani, twaona kwamba walikuwa pia watu wa kazi. Walipoinuka kutoka magotini, mikono yao ilikuwa na la kufanya.

HANA HAKUFICHA UCHUNGU WAKE

Tuanze na Hana, ambaye habari zake zimo mwanzoni mwa Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Mama huyu hakuwa na mtoto, na mke mwenzake, Penina, alimchokoza mwaka hata mwaka mpaka akawa halii machozi tu bali hata chakula hakimpiti kooni. Walipokwenda Shilo kuabudu, Hana aliomba kimya kimya, midomo ikicheza bila sauti. Kuhani Eli alimwona akamdhania kuwa amelewa, akamkemea. Hana hakunyamaza wala hakumtusi mzee. Alimjibu kwa adabu kwamba hakunywa kileo chochote, ila alikuwa akimmiminia Mungu yaliyomo moyoni mwake.

Yafaa tuangalie mambo mawili katika habari hiyo. Kwanza, Hana hakujitia utulivu asiokuwa nao. Alimpelekea Mungu uchungu wake kama ulivyokuwa. Mama aliyechoka, aliyekasirika au aliyekata tamaa hana sababu ya kungoja mpaka moyo utulie ndipo asali. Pili, baada ya sala hiyo Hana alikula chakula na uso wake ukakunjuka, ilhali mimba ilikuwa bado haijatungwa. Nguvu ilitangulia, jibu likafuata baadaye. Na Samweli alipozaliwa na kupelekwa hekaluni kutumika, mama yake alimshonea kanzu ndogo kila mwaka akampelekea. Midomo ile iliyosali ilikuwa na mikono iliyoshika sindano.

SUSANNA, MAMA WA NYUMBA ILIYOACHWA NA BABA SAFARINI

Mke wa askari atapata mwenzake katika Susanna Wesley, mama wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1669. Mumewe, Samuel, alikuwa kasisi wa kijiji cha Epworth. Mama huyu alizaa watoto kumi na tisa, na karibu nusu yao walikufa wangali wachanga. Mwaka 1705 mumewe alifungwa gerezani kwa ajili ya deni. Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea usiku, na mwanawe John, mwenye umri wa miaka mitano, akaokolewa kwa kutolewa dirishani wakati moto umekwisha kuzingira ngazi.

Inasimuliwa kwamba Susanna, alipotaka kusali katika nyumba iliyojaa watoto, alijifunika kichwa kwa aproni yake, na watoto wakajua kuwa saa hiyo mama hasumbuliwi. Mama anayeishi katika chumba kimoja cha kambini ataelewa maana ya jambo hilo. Faragha ya sala haitegemei ukubwa wa nyumba. Kitenge kilichofunikwa kichwani, au dakika chache kabla ya watoto kuamka, vyaweza kutosha.

Lakini Susanna hakukaa chini ya aproni siku nzima. Aliwafundisha watoto wake kusoma yeye mwenyewe, wasichana kwa wavulana, kwa saa maalumu. Tena alimtengea kila mtoto jioni moja katika juma ili azungumze naye peke yake juu ya mambo ya moyo wake. Mumewe alipokuwa London kwa mikutano ya Kanisa katika majira ya baridi ya 1711 hadi 1712, Susanna aliongoza sala za jioni nyumbani, na majirani wakaja kwa wingi hata nyumba ikajaa. Wanawe wawili, John na Charles, ndio walioanzisha mwamko wa Methodisti ulioenea duniani.

Mke wa askari aweza kuiga angalau ile desturi ya jioni moja kwa kila mtoto. Haigharimu fedha. Mtoto ambaye baba yake yuko mbali huweka mengi moyoni, na akikosa wa kumweleza nyumbani atamtafuta nje.

MONIKA NA MWANA ALIYEPOTEA NJIA

Kuna taabu nyingine ambayo haiishi mtoto anapoacha kunyonya. Mama Monika alikuwa Mwafrika wa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mumewe, Patricius, alikuwa mtu wa hasira za karibu. Mwanawe Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, alikuwa kijana hodari wa masomo, lakini aliiacha imani ya mama yake na kuishi maisha yaliyomliza mama huyo kwa miaka mingi.

Monika alisali kila siku, na pia alimfuatilia mwanawe. Agostino alipoondoka Afrika kwa siri, akamwacha mama yake ufukoni, Monika baadaye alipanda chombo akavuka bahari, akamfuata mpaka Milan. Huko alimwona mwanawe akisikiliza mafundisho ya Askofu Ambrosi, na siku ya Pasaka ya mwaka 387 Agostino akabatizwa. Monika alifariki mwaka huo huo katika bandari ya Ostia, akiwa njiani kurudi nyumbani.

Wazazi wenye kijana aliyeanza ulevi, au binti aliyeacha shule, wasiisome habari hii kama ahadi kwamba kila machozi yatajibiwa kwa namna ile ile. Waisome kama somo la subira yenye miguu. Monika hakumkatia tamaa mwanawe. Alisali, akauliza, akatafuta ushauri kwa wenye busara, akakaa karibu na mwanawe.

MAGOTI NA MIKONO KATIKA VILIMA VYA KAMPALA

Somo hilo hapa Uganda lina ushahidi wake wa mawe na matofali. Mwaka 1897 Albert Cook, daktari wa misheni, alianza kutibu watu huko Mengo. Katharine Timpson, muuguzi aliyekuja naye katika msafara ule ule, aliolewa naye mwaka 1900. Takriban wakati wa kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza, bibi huyo alisimamia kuanzishwa kwa shule ya kuwafunza wasichana wa Uganda ukunga huko Namirembe.

Mwaka 1903 aliwasili Teresa Kearney, mtawa wa Kiayalandi aliyejulikana kwa jina la Mama Kevin, akaanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe huko Nsambya, kilima ambacho askari polisi wengi wamekijua kwa sababu ya kambi yao. Mwaka 1923 alianzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alifariki mwaka 1957 na kuzikwa Nkokonjeru.

Watu hao walisali asubuhi na jioni. Hakuna awezaye kuwashtaki kwa upungufu wa imani. Hata hivyo walijenga wodi, wakachemsha vyombo, wakawafunza wakunga. Kwa hiyo yeyote amwambiaye mama mjamzito kwamba kwenda kliniki ni kumkosea Mungu tumaini, amekwenda kinyume cha wale walioileta imani yenyewe.

Kazi ya namna hiyo yaendelea kuzaa matunda. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016, vifo vya akina mama kutokana na uzazi nchini Uganda vilikadiriwa kuwa 336 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilishuka kufikia 189. Huo ni wokovu wa maelfu ya nyumba, lakini bado kuna makaburi ambayo hayakupasa kuchimbwa.

Kwa sababu hiyo mama asali, kisha atende. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane kabla ya kujifungua. Akitokwa na damu, akiumwa kichwa kikali huku macho yakiona ukungu, akivimba uso na mikono, akipatwa na degedege, au akihisi kwamba mtoto amepunguza kucheza tumboni, aende hospitali saa hiyo hiyo. Mtoto mdogo asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke, naye apelekwe mara moja. Sala ya safari hiyo yaweza kusaliwa juu ya pikipiki.

HUZUNI BAADA YA UZAZI SI DHAMBI

Mke wa sajini mmoja alijifungua salama, lakini baada ya majuma machache aliacha kuoga, akawa halali hata mtoto alipolala, akasema kwamba mtoto angelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine. Baadhi ya watu walimwambia kuwa imani yake imepungua. Aliposikia hivyo aliacha hata kwenda kanisani, na huzuni ikaongezeka aibu juu yake.

Walioiokoa nyumba ile ni akina mama watatu wa kikundi cha sala cha kambi. Hawakumhubiria. Mmoja alichukua nguo za mtoto kwenda kuzifua, wa pili alipika, wa tatu akamsindikiza kwa daktari. Jioni walisali pamoja naye, sala fupi, kwa sababu alikuwa amechoka. Baada ya miezi kadhaa ya matibabu alirudi katika hali yake.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja katika kila watano waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Ni ugonjwa, nao hutibika. Mama mwenye hali hiyo asihukumiwe na mtu, na akinena habari za kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo mpaka afikishwe kwa mganga.

NENO KWA AKINA BABA

Afande usomaye gazeti hili ukiwa kituoni au mpakani, usidhani kwamba sala ni kazi ya wanawake na wewe umekwisha kutimiza wajibu kwa kutuma fedha. Fedha ni lazima, nazo zifike kwa wakati. Lakini mnaweza kupatana na mkeo saa moja ya jioni ambayo ninyi nyote, kila mmoja mahali alipo, mtasali kwa ajili ya watoto mkiwataja kwa majina. Kazi ikikuruhusu, piga simu usikie sauti zao. Upatapo likizo, mpeleke mkeo kliniki wewe mwenyewe, umshike mtoto ili mama alale. Usingizi huo kwake ni dawa.

Viongozi wa dini wa kambini nao wanaweza kuwa na orodha ya nyumba ambazo baba yuko safarini na mama ni mjamzito au amejifungua karibuni, ili nyumba hizo zitembelewe. Ndugu zetu Waislamu, ambao nao wana dua zao, wanaishi ukuta kwa ukuta nasi kambini. Uji wa mzazi hauna dhehebu.

Basi, mama, usiku mtoto akikohoa na baba yuko mbali, piga magoti bila haya, umwambie Mungu yote, hata yale usiyoweza kumwambia jirani. Kisha inuka, umguse mtoto paji la uso, utazame anavyopumua, na ikibidi ugonge mlango wa jirani. Huenda jirani huyo, naye akiwa macho katika sala yake, ndiye jibu ulilokuwa ukiliomba.