Maumivu ya Taya na Maisha ya Kijana

Kiungo cha taya, kilichopo mbele kidogo ya tundu la sikio, ndicho kinachounganisha taya la chini na fuvu la kichwa, nacho hufanya kazi kila mtu anapotafuna, anapozungumza, anapopiga miayo na hata anapomeza mate. Ndani yake mna kisahani chembamba na kigumu, mfano wa gegedu, kinachoteleza kati ya mifupa miwili ili isisuguane. Kisahani hicho kikihama mahali pake, taya hulia "ko" mdomo unapofunguliwa, na wakati mwingine hukwama kabla mdomo haujafunguka vizuri.

Maradhi ya kiungo hiki huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 20 hadi 40, wanawake kuliko wanaume, na ni nadra yawe na chanzo kimoja. Wengine huuma meno kwa nguvu wanapolemewa na mawazo au huyasaga usingizini bila kujua, na wengine wana ugonjwa wa baridi yabisi. Jijini Mwanza, ambako bodaboda ndiyo riziki ya vijana wengi, ajali nayo ni chanzo cha kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa anayeanguka na kugonga kidevu kwenye lami anaweza kubaki na mchubuko mdogo tu usoni, ilhali kishindo kimepanda hadi masikioni na kuvunja mfupa wa kiungo. Kumenya miwa na kufungua chupa za soda kwa meno huzidi kukitesa kiungo ambacho tayari kinauma.

Tabu kubwa ni kwamba maumivu haya hujificha: huhisiwa sikioni, kwenye kipaji au kwenye magego, hata mgonjwa akatumia dawa ya sikio isiyomhusu, au akang'olewa jino zima na bado asilale.

Hasara yake haionekani kwenye picha ya eksirei. Mwaka 2003 watafiti Joyce Masalu na Anne Nordrehaug Åstrøm walichapisha matokeo ya kujaribu, kwa wanafunzi wa Tanzania, kipimo kinachouliza jinsi maradhi ya kinywa yanavyozuia shughuli nane za kila siku: kula, kusema, kusafisha meno, kulala, kucheka, kutulia moyo, kufanya kazi na kukaa na watu. Taya bovu linaweza kuzigusa zote nane. Ugali na sato hupita, lakini mahindi ya kuchoma hayatafuniki. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, ambaye sauti ndiyo mtaji wake, huchoka kabla ya saa sita. Mwanakwaya hukwepa mazoezi, na wenzake hudhani anaringa.

Wagonjwa wengi hupata nafuu bila upasuaji, kwa kula vyakula laini kwa muda, kukanda shavu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kufanya mazoezi ya taya wanayoelekezwa na kuvaa kinga ya meno usiku. Mtu mzima ambaye vidole vyake vitatu, vikipangwa wima, haviingii kati ya meno ya mbele, anafaa kumwona daktari wa kinywa na meno. Aliyeanguka, na meno yake hayakutani kama zamani, asisubiri kesho. Na kila kijana anayeambiwa gego ling'olewe, ilhali halina tundu wala ufizi haujavimba, aombe kwanza kiungo cha taya kipimwe.